Dondoo muhimu: Marejeo yasiyokatika katika DocBook

Fundi akielekezwa kwenye jedwali asilolikuta, huacha kuuamini mwongozo mzima. Zingatia haya:

1. Kila sura, jedwali na kielelezo kipe kitambulisho chake, xml:id; DocBook 4 hutumia id.
2. Usianze kitambulisho kwa tarakimu wala usiache nafasi ndani yake. "Pampu" na "pampu" ni viwili tofauti.
3. Usiandike "tazama Sura ya 4" kwa mkono. Sura zikipangwa upya, namba hiyo itadanganya na hakuna programu itakayokuonya. Weka xref yenye linkend inayotaja kitambulisho cha sura, namba ijazwe yenyewe.
4. Kwa sababu hiyo hiyo, kitambulisho kitaje maudhui: "kufunga-pampu", si "sura-4".
5. xref huchota maneno kwenye kichwa. Aya haina kichwa: iongezee xreflabel, au tumia link na maneno yako mwenyewe.
6. Ukinakili sehemu, badilisha vitambulisho papo hapo. Vinavyofanana havikubaliki katika waraka mmoja, hata kama faili zake zimeunganishwa kwa XInclude.
7. Hakiki waraka uliokwisha kuunganishwa. Faili moja moja haionyeshi marejeo ya sura jirani.