Usizime Seva ya Zamani Bado

Leo najibu swali la binti anayefanya kazi katika ofisi ndogo ya kutengeneza programu hapo Bariadi mjini. Miaka yote ofisi yao imekuwa ikitunza vifurushi vya programu zake kwenye seva ya wabia wao wa Mwanza. Sasa wameachana kwa amani, kila upande una seva yake, na mkubwa wake amempa Jumamosi na Jumapili tu: anakili kila kitu, Jumatatu kazi ianze. Anauliza, "Dada, nianzie wapi?"

Mdogo wangu, anza kwa kuielewa kazi yenyewe. Kunakili ni sehemu yake ndogo tu. Hifadhi ya vifurushi imehama pale unapoweza kuthibitisha kwamba kilichofika ndicho kilichoondoka, na kwamba kila anayekitegemea anajua kilipo. Kabla ya hapo hujahama, hata kama diski mpya imejaa.

Nitakueleza kwa nini. Ukifungua diski ya seva inayotunza vifurushi kwa programu ya Nexus au Artifactory, hutakuta folda zenye majina unayoyajua. Artifactory huhifadhi kila faili kwa jina la alama yake ya uhakiki, msururu wa herufi na tarakimu, na hifadhidata ndiyo inayojua kwamba msururu fulani ni toleo fulani la programu fulani. Nexus nayo hutenganisha mafaili na kumbukumbu zake. Ukibeba mafaili ukaacha hifadhidata, umebeba gunia la vitu visivyo na majina. Kwa hiyo anayehamisha seva nzima achukue vyote viwili, vya wakati uleule, avipandishe kwenye toleo lilelile la Nexus au Artifactory, na kusasisha kufuate baadaye. Usihame na kusasisha siku moja, maana jambo likiharibika hutajua ni lipi kati ya mawili lililoliharibu.

Lakini wewe hukupewa seva nzima. Ile ya Mwanza ina mali za wabia wenu pia, na hifadhidata yao si yako kuichukua. Njia yako ni kushusha kifurushi kimoja kimoja kilicho chenu na kukipandisha kwenye seva mpya, kwa skripti, si kwa mkono. Njia hii huacha nyuma tarehe halisi ya kila kifurushi na jina la aliyekipandisha, kwa hiyo toa orodha hiyo kwanza uitunze.

Kisha panga vitu kwa uzito wake. Vya kwanza ni matoleo rasmi mliyoyatengeneza wenyewe. Hayapatikani kwingine popote, na ndiyo yanayoendesha kompyuta za wateja wenu. Vya pili ni vifurushi vya watu wengine ambavyo seva ilivivuta kutoka nje na kuviweka akiba. Vya mwisho ni matoleo ya majaribio, yale yenye neno SNAPSHOT. Mengi ya hayo yaache, kwani yanaweza kutengenezwa upya.

Kuhusu akiba ya vifurushi vya nje, wengi watakushauri uiache kwa sababu seva mpya itavivuta tena yenyewe. Kwa sisi tulio Simiyu, nasema ibebe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti vibaya. Mwenye akiba ndani ya ofisi siku kama hiyo hujenga programu yake kama kawaida. Tena, hifadhi za nje hazidumu milele. Mwaka 2021 kampuni ya JFrog iliifunga Bintray, na JCenter, iliyotegemewa sana na watengenezaji wa programu za Android, ikaacha kupokea matoleo mapya. Kifurushi cha zamani ulicho nacho leo huenda kesho usikipate kokote.

Piga hesabu ya njia pia. Tuseme mzigo ni GB 200 na mtandao wenu unapitisha megabiti 10 kwa sekunde. Hizo ni takriban saa 44 mfululizo, bila kukatika, bila umeme kuzima, na bila mtu mwingine ofisini kufungua video. Wikiendi yako imekwisha. Diski ya nje ikitoka Mwanza asubuhi kwa basi la kupitia Magu na Lamadi, itakuwa mezani kwako siku hiyohiyo. Ifunge kwa usimbaji, na nywila isisafiri pamoja nayo. Mtandao uachie vile vichache vitakavyoongezeka baada ya diski kuondoka.

Sasa uhakiki, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Mkulima wa Itilima hakubali pamba yake itoke kwenye chama cha ushirika (AMCOS) bila kuona mizani imesoma ngapi. Wewe pia pima mwanzoni na mwishoni mwa safari. Chukua alama ya SHA-256 ya kila faili kabla halijaondoka, ichukue tena likifika, na ulinganishe orodha mbili kwa kompyuta. Idadi kulingana haitoshi, maana faili lililokatika katikati nalo huhesabiwa kuwa ni moja. Kwa imeji za Docker tumia skopeo, inayonakili kutoka seva hadi seva. Ukizivuta na kuzisukuma upya kwa njia ya kawaida, alama zake zinaweza kubadilika ukakosa cha kulinganisha.

Likitokea toleo lisilofanana, usilirekebishe na kulipandisha kwa namba ileile. Toleo likishatoka rasmi halibadilishwi, hupewa namba mpya. Seva mpya iwekee zuio la kupandisha toleo mara mbili tangu siku ya kwanza.

Kinachofuata ni anwani. Ya zamani imejificha sehemu nyingi: kwenye settings.xml za Maven, kwenye package-lock.json zinazotaja seva ambako kila kifurushi kilitoka, kwenye majina ya imeji za Docker yanayoanza na jina la seva, na kwenye skripti ambazo aliyeziandika huenda alishaacha kazi. Zitafute zote. Seva mpya ipe jina kwenye DNS na mtu yeyote asiandike namba ya IP, ili safari ijayo mbadilishe sehemu moja tu. Nywila na tokeni za zamani msizihamishe, tengenezeni mpya.

Chungulia pia ndani ya vifurushi. Watengenezaji hupenda kufungasha data za majaribio, na mara nyingine huwa ni majina na namba za simu za watu halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 2023, na diski ikipotea njiani pamoja na majina hayo, kusema ilikuwa ya majaribio hakutakuokoa.

Jaribio la mwisho lifanye kwenye kompyuta tupu. Laptopu za wenzako zina akiba zake, zitajenga programu vizuri hata kama seva mpya haina kitu, na zitakudanganya. Chukua mashine isiyo na akiba, ifungie njia ya kufika seva ya Mwanza, kisha ujenge programu zenu zote, pamoja na ile ya zamani kuliko zote ambayo bado ina mteja.

Zikijengeka zote, waombe wabia wenu kwa heshima waiache sehemu yenu isomeke tu, isipokee kitu kipya, kwa mwezi mzima. Waombe pia wakutumie kumbukumbu za seva kila wiki. Kila ombi litakalogonga pale ni skripti uliyoisahau. Maombi yakinyamaza, chukua nakala ya mwisho, ndipo waifute.

Najua kinachokutisha zaidi ni kumwambia mkubwa wako kwamba wikiendi moja haitoshi. Mwambie, mdogo wangu, tena kwa maandishi. Mwandikie: "Jumatatu tutaanza kutumia seva mpya kwa matoleo mapya. Ya zamani yatakamilika nikishathibitisha kila faili, na hii hapa orodha ya yaliyokwisha na yaliyobaki." Mkubwa mwenye busara akiona orodha atatulia. Akiendelea kukuharakisha, shikilia orodha yako, maana siku mteja atakapohitaji toleo la miaka mitatu iliyopita, ni wewe utakayeulizwa liko wapi.