Majina ya Ubatizo: Yatoka Wapi, na Maana Yake Nini?



Wazee wa kanisa wametuuliza mara nyingi swali hili: mtoto aletwapo kubatizwa, je, jina la babu zake lafaa, au sharti apewe jina la Kikristo? Waulizao hudhani ya kwamba majina ni ya namna mbili, mengine ya Mungu na mengine ya mataifa. Sisi nasi tulidhani hivyo tulipotoka seminari, na kwa dhana hiyo tukamkosea mtu.

Mama mmoja alimleta binti yake, akasema jina lake ni Tabu. Tukakataa. Tukamwambia ya kwamba mtoto wa Mungu haitwi Tabu, tukafungua Kitabu, tukamchagulia Dorkasi. Mama hakujibu neno. Lakini bibi yake mtoto, aliyesimama nyuma, akauliza kwa adabu, "Baba Mchungaji, na hilo Dorkasi maana yake nini?" Tukajibu kama tulivyofundishwa, ya kuwa ni neno la Kiyunani, maana yake paa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Paa huyu huyu wa porini?" Watu wakacheka, nasi tukaona haya. Hata baadaye ndipo tulipopata habari ya kwamba mama yule alikuwa amezika watoto watatu kabla ya huyu. Jina Tabu lilikuwa ukumbusho wa hao watatu, nasi tulilifuta kwa kalamu moja.

Tangu siku ile tumekuwa tukichungua asili ya majina, na mengi tuliyoyaona yalitushangaza.

Tuanze na Biblia yenyewe. Majina ya Waebrania yalikuwa maneno ya nyumbani kwao, ambayo kila mpita njia aliyaelewa. Raheli ni kondoo jike, Debora ni nyuki, Yona ni njiwa, Tamari ni mtende. Isaka ni kicheko, kwa kuwa wazazi wake walicheka waliposikia ya kwamba watazaa katika uzee. Raheli alipokuwa akifa katika uchungu wa kuzaa alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo akambadili, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Lakini Yabesi, ambaye habari zake zimo katika 1 Nyakati 4, aliitwa jina la huzuni na mama yake mwenyewe, wala hakuna aliyembadilishia. Kwa jina hilo hilo alimwomba Mungu, akasikiwa. Basi Tabu alikuwamo katika Maandiko zamani, ila sisi hatukumtambua.

Tena fungueni Warumi 16, sura ambayo wengi huiruka kwa kuwa ni salamu tupu. Humo yumo Herme, mwenye jina la mungu wa Wayunani aliyekuwa mjumbe wa miungu. Yumo Fibi, mtumishi wa kanisa, ambaye jina lake ni sifa aliyopewa Artemi, mungu mke wa mataifa. Yumo Tertio, mwandishi wa waraka, maana yake wa tatu, na ndugu Kwarto, maana yake wa nne. Wazazi walihesabu tu. Kwingine twamkuta Apolo, ambaye jina lake lilitokana na Apollo, na Epafrodito, ambaye jina lake lilitokana na Afrodite. Walibatizwa wote, na mtume akawaandika kama walivyo. Na Onesimo, yule mtumwa, maana ya jina lake ni mwenye kufaa; Paulo alilichezea neno hilo alipomwombea kwa bwana wake Filemoni.

Labda msomaji atasema, "Hayo ni ya zamani za mitume; sisi Walutheri twafuata desturi ya baba zetu." Vema, tumtazame Luther mwenyewe. Alizaliwa Eisleben, tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, siku ya kumkumbuka Martin wa Tours, ndiyo sababu akaitwa Martin. Na Martin wa Tours, mwana wa askari wa Kirumi, jina lake latoka katika Mars, mungu wa vita wa Warumi! Basi sisi tuliokuwa tukiyaogopa majina ya babu zetu twaitwa kwa jina la ukoo wa mtu ambaye jina lake la ubatizo latoka kwa mungu wa mataifa. Vivyo hivyo Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Johann ni Yohana, Bwana ni mwenye neema. Lakini Ludwig ni la Wajerumani wa kale (Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita), maana yake mashuhuri vitani. Majina yote mawili alikuja nayo, wala hakuona haya.

Wachungaji waliokosea kabla yetu wako pia. Mwaka 1546 katika mji wa Geneva baba mmoja alitaka mwanawe aitwe Claude, na mchungaji akambatiza Abraham. Pakawa na ghasia kanisani. Tulipoisoma habari hiyo tulimkumbuka bibi yule na swali lake.

Katika nchi zetu za Afrika mambo ni yale yale. Wajaluo humwita Otieno aliyezaliwa usiku, na Okoth aliyezaliwa wakati wa mvua. Waakan wa Ghana hufuata siku ya juma, kama watu wa pwani wamwitavyo Juma aliyezaliwa Ijumaa. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 1997 hata 2006, alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938, kwa hiyo akaitwa Kofi. Na jina lake la pili, Atta, maana yake ni pacha. Wayoruba waliofiwa na watoto mara nyingi humwita anayefuata Kokumo, yaani, hafi tena. Mwalimu Nyerere alizaliwa mwaka 1922 siku ya mvua kubwa, akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua katika Wazanaki. Na Nyerere, jina la baba yake, ni viwavi walioivamia nchi baba huyo alipozaliwa. Alipobatizwa mwaka 1943 aliongezwa Julius, jina la ukoo wa Kirumi, ambalo yule akida aliyempeleka Paulo Rumi alikuwa nalo pia. Lakini Kambarage hakulitupa.

Nao Wakristo wetu hawakungoja kufundishwa. Huku kaskazini twawabatiza akina Elirehema na Elifuraha: Eli ni Kiebrania, Mungu wangu, na rehema na furaha ni Kiswahili kilichotoka Kiarabu. Aikaeli ameunganisha aika, yaani asante kwa Kichaga, na lile neno la Kiebrania. Kwa Wanyakyusa yuko Tusajigwe, tumebarikiwa. Hayo twayaona kuwa mazuri kuliko mengi tuliyoyachagua sisi kwa haraka.

Hatusemi ya kwamba kila jina lipokelewe. Liko jina apewalo mtoto ili kumchoma jirani, au kumsuta mama yake mbele ya ukoo. Hapo twawaita wazazi faraghani na kuwasomea habari za Benoni, na mara nyingi hukubali. Lakini twauliza kwanza. Sasa, kabla ya ubatizo, twawauliza wazazi jina na sababu yake, na sababu hiyo twaiandika pembeni katika kitabu cha ubatizo.

Yule binti amekwisha kupata Kipaimara. Tulikwenda nyumbani kwao kumwomba mama yake radhi, na kitabuni tumeandika Dorkasi Tabu, na pembeni majina matatu ya nduguze, ambayo mama aliyataja moja moja.

Wazazi watakaohudhuria darasa la mwezi ujao waje kila mmoja na jina la mwanawe na habari zake. Nyumbani wasome Ruthu 1, habari za mjane aliyerudi Bethlehemu akiomba aitwe Mara, yaani uchungu. Kisha wasome kitabu kile hata mwisho, waangalie kama yuko hata mmoja aliyemwita hivyo.