SOMO: Bima ya Chama, Mali Yake na Ushauri Anaoununua

Katika vyama vingi vya msingi hati ya bima hufungiwa kabatini pamoja na vitabu vya hesabu vya miaka iliyopita, nayo hufunguliwa siku ya hasara. Ndipo viongozi wanapogundua kwamba mkataba wa bima hulipa yaliyoandikwa, wala haulipi yaliyodhaniwa.

Uchukuliwe mfano wa chama cha wakulima wa kahawa wilayani Ngara. Bima ilikatwa mwezi Januari, ghala likiwa karibu tupu, na katibu akaandika thamani ya shilingi 30,000,000. Ifikapo Agosti ghalani mna kahawa ya shilingi 60,000,000. Moto unatokea na kuteketeza kahawa ya shilingi 20,000,000. Wanachama hutazamia kulipwa zote, maana hasara ni ndogo kuliko kiasi kilichoandikwa. Sivyo. Kampuni ya bima huhesabu kwamba chama kilikata bima ya nusu tu ya mali, na nusu ya pili kilikubali kuibeba chenyewe. Kwa hiyo hulipa nusu ya hasara, yaani shilingi 10,000,000. Zinazobaki ni mzigo wa wanachama. Wakiwa 200, kila mmoja amepoteza shilingi 50,000, hata yule aliyepeleka debe moja tu. Dawa yake ni katibu kuandika thamani ya juu kabisa inayotazamiwa katika msimu, au kukubaliana na kampuni kwamba chama kitatoa taarifa ya mali iliyomo ghalani kila mwezi.

Vyama vya Biharamulo vyenye pamba na tumbaku vina jambo la ziada. Mazao hayo hushika moto upesi, na kampuni itauliza habari za kuta, nyaya za umeme na umbali wa ghala kutoka majikoni. Katibu anayeandika kuta za matofali ilhali ni za miti na udongo ameipa kampuni sababu ya kukataa madai yote. Kunyamaza juu ya jambo kubwa ni kosa lile lile.

Mali haikai ghalani siku zote. Wakazi wa wilaya hizi wanakumbuka miaka ambayo magari yaliyopita misitu kati ya Biharamulo na Ngara yalisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Bima ya ghala haifuati mzigo barabarani, wala fedha za malipo ya wakulima zinazotoka benki. Kila kimoja huhitaji bima yake. Vivyo hivyo bima ya uaminifu wa watumishi: chama kilichomwandikisha katibu peke yake, huku funguo za ghala zikiwa kwa mtunza ghala, hakijajikinga na wizi wa huyo wa pili.

Liko eneo ambalo viongozi wengi hawalifikirii kabisa, nalo ni ushauri. Siku hizi vyama huajiri kwa muda wataalamu wa mipango, wahasibu, wahandisi, na hata washauri wa kuwaongoza vijana wa wanachama katika kuchagua kazi na mafunzo ya ufundi. Mshauri hauzi kahawa wala mbao. Anauza maneno, na maneno yakikosewa hugharimu fedha. Mathalani mtaalamu anakishauri chama kikope na kununua mashine ya kukoboa inayohitaji umeme wa njia tatu, bila kuuliza kwamba kijijini umefika umeme wa njia moja. Mashine inakaa chini ya turubai na mkopo unaendelea kudaiwa. Au mshauri wa kazi anawapeleka vijana 15 katika mafunzo ambayo cheti chake hakitambuliwi, na wazazi wamekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya ada.

Chama kinaweza kumdai mshauri fidia, lakini mtu mwenye meza moja na pikipiki atalipa kwa nini? Hapo ndipo inapohitajika bima ya dhamana ya taaluma, ambayo mshauri huikata mwenyewe ili ilipe hasara iliyotokana na uzembe au makosa yake ya kikazi. Bima hiyo ina tabia moja isiyofanana na ya moto. Kwa kawaida hulipa ikiwa hati ilikuwa hai siku madai yalipopelekwa, si siku ushauri ulipotolewa. Mshauri aliyekuwa na bima mwaka wa kazi, kisha akaiacha mwaka uliofuata, amekiacha chama bila kinga. Katibu na adai nakala ya hati kabla ya kutia saini, na mkataba uandike kwamba bima itaendelea kuwa hai kwa muda fulani baada ya kazi kwisha. Haya hayawezekani kwa makubaliano ya mdomo. Tena bima hiyo hailipi udanganyifu, wala haimlipii mshauri aliyeahidi kwamba kila kijana atapata kazi.

Tangu mwaka 1967 bima nchini ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Uchaguzi huo ni faida kwa chama, ila umeleta na mawakala wa mfukoni. Leseni ya wakala ithibitishwe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kabla fedha hazijatolewa, na stakabadhi idaiwe papo hapo.

Mwisho yasomwe maandishi madogo yanayotaja yasiyolipwa. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha majengo mengi mkoani Kagera, hasa upande wa Bukoba. Hati ya kawaida ya moto mara nyingi haigusi tetemeko mpaka liongezwe kwa ada ya ziada. Kamati iulize gharama ya nyongeza hiyo, na jibu lisomwe mbele ya mkutano mkuu ili wanachama wenyewe waamue.