Kadi Uliyosaini na Kura Utakayopiga

Ukifanya kazi Marekani, ghalani, kwenye kiwanda cha nyama au nyumba ya kutunzia wazee, huenda siku moja mwenzako wa zamu akakupa kadi ya chama cha wafanyakazi uisaini. Isome kwanza, au umwombe unayemwamini akusomee. Kadi nyingi hukipa chama mamlaka ya kujadiliana na mwajiri kwa niaba yako. Nyingine husema tu kwamba unataka kura ipigwe kuamua kama chama kiwawakilishe.

Kwa sheria ya mwaka 1935, kadi za asilimia 30 ya wafanyakazi watakaowakilishwa pamoja zinatosha kuomba kura kutoka NLRB, bodi ya serikali inayosimamia mambo haya. Zikipita nusu, mwajiri anaweza kukitambua chama bila kura, akipenda. Wengi hawapendi. Lakini akivunja sheria kiasi cha kuiharibu kura, bodi inaweza kumwamuru ajadiliane na chama kwa nguvu ya kadi zile zile. Mahakama ya Juu ilikubali hivyo mwaka 1969. Kwa hiyo anayekwambia kadi ya kukipa chama mamlaka ni ya kuitishia kura tu, hajakwambia yote.

Bodi haimwonyeshi mwajiri kadi hizo. Aliyekupa kadi, hata hivyo, anajua kama ulisaini. Kwenye kura ya siri hajui mtu: karatasi haina jina lako, na ukiwa umebadili nia baada ya kusaini, una ruhusa kamili ya kupiga hapana. Ila usibaki nyumbani ukidhani hiyo ni kupinga. Huhesabiwa wingi wa waliopiga kura tu. Wakijitokeza 60 kati ya 200, watu 31 wanawaamulia wote.

Waajiri huisifu sana kura ya siri, nami sina ugomvi nayo. Shida huwa katika wiki zinazoitangulia. Bosi anaruhusiwa kusema hakitaki chama. Haruhusiwi kukutisha, kukuhoji kwa vitisho utapigaje, kukuahidi nyongeza ili ukatae, wala kukupeleleza. Kutishia kuita watu wa uhamiaji kwa sababu ya chama ni kosa, kwani sheria hii inawalinda hata wasio na makaratasi, ingawa tangu 2002 hao hawalipwi mshahara waliopoteza wakifukuzwa kinyume cha sheria. (Na chama kikibisha hodi kwako usishtuke: kabla ya kura, mwajiri hulazimika kukipa majina na anwani zenu.)

Kama wenzako hawasomi Kiingereza, ombeni mapema matangazo na karatasi za kura kwa Kiswahili.

Vibarua wa mashambani, wafanyakazi wa ndani walioajiriwa na familia, na wasimamizi hawamo katika sheria hii. Waliomo wakionewa wana miezi 6 ya kulalamika katika ofisi ya bodi, bila ada na bila kulazimika kuwa na wakili.