Pikipiki ya Mwaka Gani? Breki za Kukagua Kabla ya Kununua

Anayetafuta pikipiki ya bodaboda iliyotumika huuliza kwanza bei, kisha mwaka, kisha kama injini bado inavuta. Breki hukumbukwa mwisho, na mara nyingi hukaguliwa kwa kubana liva mara moja pikipiki ikiwa imesimama. Kwa anayeteremsha abiria au magunia ya mboga kutoka Wundanyi hadi Mwatate, kona baada ya kona, ukaguzi huo hautoshi.

Jina lililoandikwa kwenye tangi halielezi aina ya breki. Honda CG125, kwa mfano, ilianza kutengenezwa miaka ya 1970 ikiwa na breki za dramu mbele na nyuma. Toleo la mwaka 2004 lililouzwa Ulaya likapewa diski mbele. Ni jina lile lile, ila ni mashine mbili zinazosimama kwa namna mbili. Wakati mwingine hata pikipiki za mwaka mmoja hutofautiana, kwa kuwa kiwanda huuza toleo la bei nafuu lenye dramu sambamba na la bei ya juu lenye diski.

Katika breki ya dramu, viatu viwili vyenye lainingi hupanuka ndani ya kitovu cha gurudumu na kukisugua. Sehemu zake ni chache, vipuri vyake ni rahisi kupatikana, na fundi wa kijijini huitengeneza kwa spana mbili. Udhaifu wake ni joto. Joto likikaa ndani ya dramu kwenye mteremko mrefu, lainingi huanza kuteleza na dereva hulazimika kubana zaidi na zaidi. Maji yakiingia wakati wa kuvuka mto, breki hupungua nguvu mpaka ikauke.

Diski iko nje, hivyo hupoa upesi na kukauka upesi. Nyingi huendeshwa kwa mafuta ya breki, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa taratibu. Yasipobadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, yanaweza kuchemka kwenye mteremko, na liva ikabanwa hadi mwisho bila pikipiki kushika. Diski ya mwaka wa karibuni iliyotelekezwa ni hatari kuliko dramu ya zamani iliyorekebishwa vizuri.

Tofauti nyingine imeletwa na sheria ya India, nchi zinakotoka pikipiki nyingi za bodaboda. Tangu Aprili 2019, pikipiki mpya inayouzwa huko ikiwa na injini inayozidi 125cc lazima iwe na ABS, mfumo unaozuia gurudumu kujifunga. Zenye injini ya 125cc au ndogo zaidi ziliruhusiwa na sheria hiyo kuwa na breki zilizounganishwa, yaani ukikanyaga ya nyuma, ya mbele nayo hushika kiasi. Sheria hiyo ni ya soko la India. Pikipiki inayopelekwa nchi nyingine si lazima iwe na vifaa hivyo, hata ikiwa na jina na mwaka ule ule. Mnunuzi aliyetazama video ya toleo la India asidhani ndilo analoonyeshwa dukani. Penye ABS, kuna taa yake kwenye dashibodi inayowaka funguo inapowashwa na kuzimika pikipiki ikianza kutembea. Isipowaka kabisa, au isipozimika, mfumo una kasoro. Baadhi zina ABS ya gurudumu la mbele tu.

Mwaka wenyewe uthibitishwe. Namba ya usajili inayoanza na KM huonyesha zamu ya kusajiliwa, na pikipiki inaweza kukaa ghalani muda mrefu kabla ya kusajiliwa. Tazama mwaka wa kutengenezwa kwenye kitabu cha umiliki, kisha linganisha namba ya chasi iliyo kitabuni na ile iliyogongwa kwenye fremu. Viwanda vingi hutumia alama ya kumi kati ya 17 kuonyesha mwaka: L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023.

Baada ya hapo, mkono ushike mashine. Kwenye dramu nyingi kuna mshale mdogo karibu na mkono wa breki; breki ikibanwa na mshale ukafika au kupita alama, lainingi zimekwisha. Kwenye diski, angalia unene wa pedi, kisha pitisha ukucha juu ya diski kuhisi mifereji. Mafuta yaliyogeuka rangi ya kahawia yabadilishwe. Liva inayolegea kama sifongo ina hewa ndani, au kuna mahali panapovuja. Mwisho ijaribiwe ikitembea, kwanza polepole mahali tambarare, breki moja kwa wakati. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa pikipiki hupita karibu mita 14 kila sekunde, kabla dereva hajagusa chochote.

Muuzaji akisema dramu ya mbele inaweza kubadilishwa kuwa diski baadaye, hesabu ifanywe kwanza. Hubadilishwa gurudumu, foku, masta silinda na bomba la mafuta, na visipokuwa vya toleo linalolingana, breki inaweza kuvuta upande. Mara nyingi ni nafuu kuongeza pesa na kununua toleo lililotoka kiwandani na diski. Asiye na nyongeza hiyo anunue ya dramu, aweke lainingi mpya na kebo mpya kabla ya kubeba abiria wa kwanza, na kwenye mteremko ashuke na gia ya pili, injini ikisaidia kuzuia mwendo.