SOMO LA MWEZI: KUMTUNZA ALIYEKATWA MKONO

Soma: Luka 6:6–10

Mathayo na Marko wanatusimulia habari za mtu mwenye mkono uliopooza, lakini ni Luka peke yake aliyetaja kwamba ulikuwa mkono wa kuume. Mapokeo yasema Luka alikuwa tabibu. Labda ndiyo sababu hakuliacha jambo hilo. Sisi wa huku twalielewa upesi, maana mkono wa kuume ndio wa kulia chakula, wa kusalimia na wa kushika jembe.

Tunao ndugu waliokatwa mkono kwa ajali ya mashine, kwa moto wa umeme, au kwa sababu mfupa uliovunjika ulifungwa vijiti kwa kukazwa mno hata nyama ikafa. Jeraha likianza kupona hospitali humruhusu mgonjwa. Kazi iliyobaki ni ya nyumbani, nayo ndiyo ndefu.

Kigutu kioshwe kila jioni kwa maji na sabuni, kikaushwe vizuri, kisha kitazamwe pande zote kama kuna kidonda. Bendeji ya kuvutika ikazwe zaidi kwenye ncha na kulegezwa kadiri inavyopanda, tena ipite mshazari kwa kupishana. Ikizungushwa kama pete huinyonga damu. Ifungwe upya mara kadhaa kwa siku. Ikileta maumivu au ganzi, ifunguliwe mara moja. Hivyo uvimbe hupungua na kigutu hupata umbo. Jeraha likiisha kufunga kabisa, ngozi izoezwe: isuguliwe kwa kitambaa laini, baadaye kwa taulo, kisha ichovywe katika bakuli la mchele mkavu. Bega na kiwiko vinyoshwe kila siku. Wengi hukumbatia kigutu kifuani kwa aibu, na bega likikauka hivyo, hata mkono wa bandia utakosa wa kuuinua.

Jambo linalotisha watu ni hili: mgonjwa husema mkono usiokuwapo unamwasha, au vidole vimekunjwa na vinauma. Jirani atanong'ona kuwa amerogwa, au kwamba mkono ulizikwa vibaya. Sivyo. Ambroise Paré, mpasuaji wa Ufaransa, aliandika habari hizo katika karne ya 16, na mwaka 1871 daktari Silas Weir Mitchell wa Marekani aliyapa hali hiyo jina, akiwa amewatibu askari wa vita vyao. Mkono umeondoka, lakini ubongo bado unayo picha yake. Tangu miaka ya 1990 wengine wametulizwa kwa kioo: husimamishwa mbele ya kifua, kigutu kikafichwa nyuma yake, na mgonjwa hutazama sura ya mkono mzima akiufungua na kuufumba polepole. Si wote wanaopona hivyo. Wasiopona warudi kwa daktari, wala wasikemewe.

Kuhusu mkono wa bandia, msikawie. Madaktari wa Marekani walioandika mwaka 1984 waliona kwamba waliopewa katika siku 30 za kwanza waliutumia vizuri kuliko waliochelewa, kwa kuwa aliyechelewa amekwisha kuzoea mkono mmoja. Hapa kwetu, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoko KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1981. Ule wa kulabu huvutwa kwa waya na mikanda ya begani. Hauna uzuri, lakini hushika mpini. Ule wenye sura ya vidole hupendeza kanisani na kushika kidogo. Mkulima, kwa maoni yetu, achague kulabu.

Mkono wa kushoto nao ufundishwe kuandika, kufunga vifungo, na kula. (Ehudi, katika Waamuzi 3, alikuwa wa shoto, na Mungu alimtumia.) Kitambaa kibichi chini ya bakuli hulizuia lisiteleze. Akikupa mkono wa kushoto, upokee. Akija mezani pa Bwana aweza kupokea mkate katika kiganja cha kushoto au kinywani, na mwenye kikombe amnyweshe bila kungoja aombwe. Wazee wa kanisa wamtembelee kabla ya Jumapili yake ya kwanza, wamwulize apendavyo yeye mwenyewe.