BWANA SHAMBA NA VIJANA WA KIBERA NA KAWANGWARE

Jina la Bwana Shamba lajulikana katika kila pembe ya Kenya. Ni yule mtu atembeaye nyumba kwa nyumba akiwaonyesha wakulima namna ya kupanda kwa mistari, kutia mbolea na kuangamiza wadudu. Lakini watu wengi hustaajabu waambiwapo ya kuwa hata Nairobi ina mabwana shamba wake, na ya kuwa kazi yao yawafikisha Kibera na Kawangware, mitaa ambayo mtu aweza kuzunguka asubuhi nzima asione shamba. Tangu mwaka 2013 kazi nyingi za kilimo zimo mikononi mwa serikali za kaunti, kama ilivyoagizwa na Katiba ya mwaka 2010, na Nairobi ni kaunti kama Meru au Bungoma. Yafaa basi kueleza kazi ya afisa huyo kwa vijana ni ipi hasa, na kwa nini haiishi kwa kugawa mbegu.

Asili ya kazi hii yapatikana mbali. Mwaka 1902, katika wilaya ya Clark, jimbo la Ohio, huko Marekani, msimamizi wa shule aitwaye A. B. Graham aliwakusanya wavulana na wasichana akawapa kazi za kilimo za kufanya nyumbani kwao. Siku zile wataalamu walikuwa wamechoka kuwahimiza wakulima wazee wabadili njia zao. Mzee alisikiliza kwa adabu, akashukuru, kisha akarudi kulima kama baba yake alivyolima. Mtoto hakuwa na desturi ya kuitetea. Alipanda mbegu mpya katika kipande chake, na mahindi yake yaliponenepa kuliko ya baba yake, baba mwenyewe alikuja kuuliza. Vyama vya namna hiyo vilienea, vikachukua alama ya jani lenye pembe nne, na kila pembe ina neno lake: kichwa, moyo, mikono na afya, maneno ambayo kwa Kiingereza yote huanza kwa herufi H. Mwaka 1914 ikapitishwa sheria ya kugharimia maafisa wa kilimo wa wilaya kwa fedha za serikali kuu pamoja na za majimbo, wakiongozwa na vyuo vya kilimo.

Miongoni mwa waliotangulia katika kazi hii alikuwamo mtu mweusi, Thomas Monroe Campbell, wa chuo cha Tuskegee. Yeye alianza mwaka 1906 kwa gari la kukokotwa na nyumbu, lililochukua mbegu na vyombo vya kilimo, akiwafuata wakulima maskini ambao hawakuweza kwenda chuoni. Jambo hilo la kumfuata mtu alipo, badala ya kumngoja ofisini, ndilo lililokuwa jipya.

Kenya nayo ilipata mapema mafunzo yanayofanana na hayo. Shule ya Jeanes, iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925, iliwafundisha walimu wa kuzunguka vijijini, na wake zao wakifundishwa pamoja nao, kwa kuwa mafunzo ya bustani na ya afya hayafiki mbali yakiwa kwa mume peke yake. Kisha mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, vikaanzishwa vyama vya 4-K kwa mfano wa vile vya Marekani. Maneno yake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Watoto wengi wa shule za msingi walipata humo kitalu chao cha kwanza na sungura wao wa kwanza. Baada ya miaka mingi vyama hivyo vilififia, hata Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta alipovizindua upya.

Lakini 4-K ni chama cha watoto wa shule. Kijana wa miaka 20 wa Gatwekera au wa Gatina, aliyemaliza shule na hana kazi, hayumo ndani yake. Huyu ndiye ampaye Bwana Shamba wa mjini kazi kubwa.

Jambo la kwanza aulizalo Bwana Shamba ni hili: ardhi hii ni ya nani? Kibera na Kawangware hutajwa pamoja kana kwamba ni mtaa mmoja, na sivyo. Kibera kwa sehemu kubwa ni ardhi ya Serikali. Wanubi, wazao wa askari waliopewa makazi huko mwanzoni mwa karne ya 20, walikabidhiwa hati ya eka 288 mwaka 2017. Wengine wengi wanakaa bila hati yo yote. Kawangware, kinyume chake, ilikuwa mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti, ambayo yaliingizwa katika mipaka ya jiji katika miaka ya 1960, na ploti nyingi zina wenyewe. Kwa hiyo afisa anayekwenda Kibera huanza kwa chifu na wazee wa kijiji, na anayekwenda Kawangware hana budi kumwona mwenye ploti. Asiyefanya hivyo atawafundisha vijana miezi mitatu, na mwezi wa nne mahali pale patajengwa vyumba vya kupangisha.

Hatari hiyo si ya kufikiriwa tu. Mwezi wa Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kibera, na shule kadhaa pamoja nazo, ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Bustani iliyokuwa katika njia hiyo isingaliweza kusalimika.

Ndiyo maana bustani ya gunia imepata sifa. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kiliadimika katika mitaa hii na bei zikapanda. Katika mwaka 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuwafundisha watu wa Kibera kupanda mboga katika magunia na kuwapa miche. Mwaka huohuo kikundi cha vijana wa Kibera, ambao baadhi yao walikuwa wamepitia njia za uhalifu, waliondoa takataka katika jalala wakapageuza kuwa shamba la mboga zisizotiwa dawa za viwandani.

Namna ya kutengeneza gunia ni rahisi, ila yataka uangalifu. Twaa gunia la kilo 90. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Simamisha katikati mkebe uliokatwa chini na juu, ujaze kokoto, kisha utie udongo kuuzunguka. Udongo ukifika ukingo wa mkebe, uvute mkebe juu, ujaze tena, mpaka gunia lijae. Nguzo ile ya kokoto ndiyo njia ya maji. Pasipo hiyo miche ya juu huoza na ya chini hufa kwa kiu. Toboa matundu ubavuni, upande sukuma wiki au spinachi humo na juu pia. Gunia moja laweza kuchukua miche 30 au zaidi. Watu husema ya kuwa bustani hii ni ya kuhamishika, na ni kweli, lakini gunia lililojaa udongo uliolowa halibebwi na mtu mmoja. Liwekwe tangu mwanzo mahali pake.

Udongo usichotwe kando ya barabara wala jalalani, hasa palipotupwa betri au rangi, kwa sababu risasi iliyomo huingia mbogani, na huwadhuru watoto zaidi ya watu wazima. Maji ya mtaro yasitumiwe kamwe. Bwana Shamba akubaliye kunyamaza juu ya maji ya mtaro kwa kuwa ya mtungi yananunuliwa, huyo hawasaidii vijana wala wale watakaokula mboga zao.

Sasa kuna daftari. Hapa ndipo mafunzo mengi yanapoharibika, maana kijana huona kuandika ni kazi ya shule aliyokwisha kuiacha. Chukueni mfano, ambao bei zake zimewekwa kwa ajili ya hesabu tu. Kijana ana magunia 5. Magunia yenyewe shilingi 150, miche 450, udongo na samadi 400. Jumla shilingi 1,000. Maji ni shilingi 70 kwa wiki. Mboga zaanza kuchumwa wiki ya saba, naye huuza za shilingi 250 kila wiki. Wiki ile ya saba atashika fedha mkononi, na asiyekuwa na daftari atasema amepata faida ya shilingi 250. Lakini mwisho wa wiki ya sita alikuwa amekwisha kutoa shilingi 1,420, na kila wiki baada ya hapo abakiwa na 180 tu akiisha kulipa maji. Hesabu ya kweli yaonyesha ya kuwa mtaji haurudi mpaka wiki ya 14. Faida huanza hapo, kama wadudu hawakuja.

Hesabu hii haipendezi, na maafisa wengine huificha wasije wakawavunja vijana moyo. Ni kosa kubwa. Kijana aliyeahidiwa utajiri wa haraka huondoka mwezi wa tatu, tena huondoka akiamini ya kuwa amedanganywa, na afisa mwingine ajapo mwakani hasikilizwi. Aliyeonyeshwa wiki 14 tangu siku ya kwanza, akakubali, huyo hukaa. Tena mboga zilizoliwa nyumbani ziandikwe kwa bei ya sokoni, maana mama ambaye hakununua sukuma wiki jioni hiyo ameweka akiba ya fedha halisi.

Neno moja juu ya vitu vya bure. Mitaa hii imeona miradi mingi. Mwaka 2014 Huduma ya Vijana kwa Taifa iliajiri maelfu ya vijana Kibera. Mwaka 2020 ikaja Kazi Mtaani. Ujira ule uliwalisha watu, wala haufai kudharauliwa, lakini ulikoma siku mradi ulipokoma. Na miche ya bure huwa na mwisho. Afisa mwenye busara hutoa miche mara moja, na katika msimu huohuo huwafundisha vijana kuotesha kitalu chao wenyewe na kuwauzia jirani. Baada ya hapo aweza kuhamishiwa Kasarani, nao wasione pengo kubwa.

Sheria nayo imebadilika. Zamani mazao yaliyopandwa mjini yaweza kufyekwa na askari wa jiji. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na kikundi kilichoandikishwa kina haki ya kumwita Bwana Shamba na kumwuliza maswali. Vijana wengi hawajui hayo, wakidhani kilimo chao ni cha wizi.

Katikati ya Kibera na Kawangware upo uwanja wa Jamhuri, ambapo hufanywa Maonyesho ya Kilimo ya Nairobi. Vijana wa mitaa hii hupita nje ya ukuta wake wakienda kutafuta vibarua. Si vigumu kwa Bwana Shamba kuwaingiza humo na gunia lao, mradi awe amewatayarisha mapema. Waamuzi wa vyama vya vijana, tangu siku za Ohio, hutazama mboga kwanza, kisha huomba kuona daftari.